Sakulenti za kutandaa ardhini: ununue ipi Kisumu, Nakuru na Kakamega

Kabla hujauliza bei, chuchumaa, inua mfuko mmoja na utazame chini yake. Mche mzuri wa sakulenti ya kutandaa, yaani mmea wa majani manono yanayohifadhi maji, huwa umejaza mfuko: mizizi myeupe inachungulia kwenye matundu, na matawi yameshuka pembeni yakitafuta udongo. Kisha bana shina kwa vidole pale linapoingia ardhini. Likiwa gumu, la kijani au jekundu, endelea kuzungumza na muuzaji. Likiwa la kahawia na linabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, rudisha mfuko mahali pake hata kama juu umejaa maua. Kuoza huanzia chini, na mche unaweza kuchanua vizuri huku shina limeshakufa.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipohamia Kisumu kutoka Nakuru nilinunua mifuko arobaini kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara, mwezi wa Aprili, nikaipanda mbele ya nyumba kule Nyamasaria vilevile nilivyozoea kupanda Nakuru. Wiki ya tatu thelathini na kitu zilikuwa zimegeuka uji. Baadhi ya miche ilikuja ikiwa mgonjwa, ndiyo, lakini hata iliyokuwa mizima isingepona, kwa sababu ya udongo.

Nakuru imekaa juu ya majivu na changarawe nyepesi za volkano ya Menengai. Maji yakinyesha usiku, asubuhi unatembea bila tope. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, joto ni la mchana na usiku, na ukielekea tambarare za Kano unakutana na udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kakamega nako mvua ni nyingi mno, hata jua likiwaka leo huna uhakika na kesho. Mimea hii hubeba maji yake kwenye majani. Ukiiachia mizizi isimame majini siku tatu mfululizo umeiua. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: maji ya mvua kwangu yanaenda wapi? Ukishalijibu, ndipo orodha hii itakufaa.

Nafasi ya kwanza, kwa miji yote mitatu, naipa aptenia. Jina lake kamili la kisayansi ni Aptenia cordifolia, lakini wauzaji wengi hawalijui. Mwambie unataka ile ya majani ya umbo la moyo yenye vijiua vyekundu vinavyofunguka jua likichomoza vizuri. Chukua jani moja ulielekeze kwenye mwanga: linametameta kama limepakwa sukari laini. Hivyo ni vifuko vidogo vya maji kwenye ngozi ya jani. Asili yake ni Afrika Kusini, ila imezoea huku kama iliyozaliwa Ahero. Naipenda kwa sababu kila kifundo cha tawi kinachogusa udongo huota mizizi, kwa hiyo inafunga uwanja haraka, magugu yanakosa nafasi, na mvua kubwa haipati udongo mtupu wa kubeba. Ukisafiri wiki mbili wakati wa kiangazi utaikuta hai. Kasoro zake ni mbili. Haivumilii kukanyagwa, maana matawi yamejaa maji na yanapasuka. Na ukiipanda kwenye kivuli kizito, chini ya mwembe kwa mfano, itatoa majani tu bila ua hata moja.

Ya pili inategemea unaishi wapi, na hapa sitaki kulazimisha.

Kama uko Nakuru, Njoro au upande wa Molo, ya pili ni delosperma, yenye majani kama vidole vidogo na maua ya zambarau yanayong'aa mpaka yanaumiza macho. Inayouzwa zaidi ni Delosperma cooperi ya Afrika Kusini, ambayo haijali baridi bali inachukia unyevu wa kudumu. Wakazi wa Nakuru wafurahi kujua kwamba ukoo huu una jamaa wa hapa nyumbani: kuna spishi ya porini ambayo wanasayansi waliipa jina la Delosperma nakurense, yaani ya Nakuru. Sijawahi kuikuta mezani kwa muuzaji, na ningelipa mara mbili kuipata. Usipeleke delosperma Kakamega, utakuwa umetupa pesa.

Kama uko Kakamega, Vihiga au sehemu yoyote yenye mawingu mengi, ya pili ni sedumu ndogo ya majani membamba ya kijani-manjano, Sedum mexicanum. Inavumilia unyevu wa hewa na kivuli cha nusu siku kuliko wenzake. Ipande ukingoni mwa ukuta au kati ya mawe, na uiepushe na mahali ambapo maji ya paa yanadondokea.

Na kama uko Kisumu, ya pili ni potulaka. Hiyo utaipata kila mahali, ya waridi, njano, chungwa na nyeupe. Ilitoka Amerika Kusini na inapenda joto la ziwa kupita kiasi. Maua hufunguka asubuhi na kujifunga jua likipungua, na hilo linaafikiana kabisa na Kisumu, ambako asubuhi huwa wazi na radi hunguruma baada ya saa kumi. Ijue tabia yake kabla ya kulipa, kwani ni mmea wa msimu. Itachoka na kufa baada ya miezi kadhaa, ingawa mbegu zake nyeusi, ndogo kama punje za baruti, zitaota zenyewe palepale. Usiing'oe bila kuikung'uta.

Ya tatu kwangu ni ile ya zambarau tupu, majani na shina, Tradescantia pallida, ambayo imejaa mbele ya shule na makanisa kote magharibi. Kusema kweli si sakulenti halisi, lakini imenona vya kutosha na inastahimili udongo mweusi wa Kano kuliko zote nilizotaja. Hii usinunue! Omba tawi kwa jirani. Utomvu wake huwawasha baadhi ya watu ngozi, na mbwa pia, kwa hiyo vaa glavu ukiikata.

Kapobrotasi, yenye majani manene ya pembe tatu kama vidole vya mtu mzima, naiweka chini ya orodha ingawa wauzaji huisifia kwa kushika miteremko. Ni nzito. Kwenye mteremko mkali kama ule wa Riat, hapa Kisumu, au nyumba za juu zinazoelekea Menengai, mvua ikilowesha udongo uzito wa zulia lenyewe unaweza kuvuta udongo kushuka nao. California walijifunza hivyo baada ya kuipanda kwa wingi. Kwenye tambarare kavu haina neno, mradi uidhibiti, kwa kuwa huko California na pwani za Mediterania imegeuka kuwa mmea vamizi.

Zile za shanga za kijani na zile za mkia mrefu wa majani yaliyopangana ni za chungu cha kuning'iniza barazani. Ni nzuri sana, lakini ardhini haziwezi mvua yetu. Zile za shanga zina sumu zikiliwa, na mtoto wa miaka miwili atadhani ni njegere. Ziweke juu.

Kuna mmoja wa kukataa hata ukipewa bure: ule wenye majani kama mirija yenye madoa, na vitoto vidogo vimepangana kwenye ncha, Bryophyllum delagoense kutoka Madagaska. Kila kitoto kikidondoka ni mmea mpya. Hapa Kenya umeshatoroka bustani ukaingia porini, na una sumu inayodhuru moyo wa ng'ombe. Mwenye mifugo, au jirani mwenye mifugo, asiulete nyumbani.

Sasa kuhusu kuipanda. Nakuru unaweza kupanda mvua za kwanza zinapoanza, mwishoni mwa Machi. Kisumu ngoja mvua kubwa ipungue, kuanzia Juni, na uinue tuta la sentimita 20 kwanza. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za udongo wa hapo, moja ya mchanga wa mto na moja ya kokoto ndogo. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, konzi moja kwa kila shimo, yatosha. Ukizidisha, matawi yanarefuka na kulegea bila maua. Mwagilia kila siku ya tatu au ya nne kwa wiki mbili za mwanzo, kisha usubiri mpaka udongo ukauke juu. Ukiona vijipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani, hivyo ni wadudu waitwao vidung'ata. Visugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, rudia baada ya wiki moja, na usikubali kununua mfuko wenye hata kimoja, kwa kuwa vitahamia kwenye mingine yote.

Idadi ya kununua ndiyo inayowatoa watu pesa bure. Mara ya mwisho muuzaji aliniambia aptenia ni shilingi 50 kwa mfuko, akanihesabia mita tatu za mraba, akaniwekea mifuko 48.

"Mama, nipe mitatu tu, lakini niichague mwenyewe."

"Mitatu itakutosha wapi, dada?"

Nilichagua ile iliyomwagika zaidi kando ya mfuko. Kila mmoja ulinipa vipandikizi kumi na vitano au kumi na sita vya urefu wa kiganja. Nilivitandaza kwenye gazeti kivulini siku mbili ili mahali nilipokata pakauke, kisha nikavichomeka kwa nafasi ya sentimita 25, kumi na sita kwa kila mita ya mraba. Nililipa shilingi 150 badala ya 2,400, na baada ya miezi minne udongo haukuonekana tena.