Rilei ya hita kwenye Land Cruiser 100 ya dizeli: uzoefu wangu kati ya Molo na Nakuru

Kama una Land Cruiser 100 yenye injini ya 1HD-FTE na unalaza gari sehemu za baridi za Kenya kama Molo, Mau Narok au Timboroa, gari likianza kusumbua alfajiri anza kupima rilei ya hita, yaani swichi ya umeme inayoiwasha hita ya injini. Ipime kabla hujashusha nozeli (vinyunyizio vya mafuta) wala kupeleka pampu kwa fundi wa pampu. Mimi nimepitisha baridi yote ya Juni hadi Agosti na rilei niliyofungiwa Nakuru, na sasa naweza kuisemea kwa uhakika.

Wengi huichanganya injini hii na 1HZ, ile isiyo na turbo, ambayo ina hita plagi (plagi ya kupasha joto ndani ya silinda) moja kwa kila silinda. 1HD-FTE haina hita plagi hata moja. Yenyewe imewekewa hita ya umeme kwenye njia ya hewa, pale manifoldi inapoanzia, na hewa hupashwa moto kabla ya kuingia kwenye silinda. Dizeli haiwashwi na cheche. Hewa inagandamizwa mpaka inapata joto, ndipo mafuta yanaponyunyizwa na kushika moto. Huku Molo tuko kwenye mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na alfajiri ya Julai ina umande wa kuuma vidole. Hewa ya namna hiyo hata ikigandamizwa haipati joto la kutosha. Mafuta yanatoka bila kuungua, na hapo ndipo unapoona moshi mweupe mzito unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi.

Hita hiyo inakula makumi ya ampea. Umeme wote huo haupiti kwenye swichi ya ufunguo, ungeiunguza. Kompyuta ya gari inatuma umeme kidogo kwa waya mwembamba mpaka kwenye koili ya rilei (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku), koili inavuta sahani ya shaba, na sahani inaunganisha bolti mbili nene: moja inatoka betri, nyingine inakwenda hita.

Gari langu lilikuwa linakokotwa na stata mpaka betri inaanza kulegea, kisha linashika silinda mbili tatu, linatetemeka na kufukiza boma zima. Likishapata joto, safi kabisa, hata ukilizima na kuliwasha mara kumi. Taa ya hita kwenye dashibodi, ile yenye alama ya koili, ilikuwa inawaka na kuzima kama kawaida. Usidanganyike na taa hiyo. Inakuonyesha kwamba kompyuta imetoa amri, haikuonyeshi kama hita imepata moto.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu jambo hili linanikera na linaweza kuua mtu. Mafundi wengi wa mitaani dawa yao ya dizeli isiyowaka ni kitambaa chenye petroli mdomoni mwa eakilina (chujio la hewa), au ile dawa ya kupuliza ya kuwashia injini. Kwa injini yenye hita ndani ya njia ya hewa, huo ni moto unaouita mwenyewe. Ikitokea hita inafanya kazi asubuhi hiyo, ule mvuke wa petroli unakutana na chuma kilichopata moto kabla haujafika kwenye silinda, na mlipuko unarudi kwa aliyeinama pale juu. Kijana mmoja alikuja kwangu na chupa yake tayari, nikamkataza hata kufungua boneti. Tulilisukuma gari mpaka mteremkoni.

Shida ya pili ilikuwa kumpata wa kuiona hitilafu. Gari likishuka kutoka Molo kupita Elburgon na Njoro hadi Nakuru, linafika likiwa moto. Halafu Nakuru kwenyewe ni chini, kama mita 1,850, na saa sita mchana kuna jua. Kompyuta ikiona maji ya injini yana joto haiiti hita kabisa. Kwa hiyo fundi anawasha, linawaka, anakutazama kama mtu unayemsumbua bure. Gereji moja ilikuwa tayari kunishushia nozeli zote sita kwa kukisia tu. Nilikataa na kuondoka, na bado naona nilifanya sawa.

Aliyenisaidia ni fundi wa umeme wa magari, kijana mtulivu, ana kibanda cha mabati na mita yake ndogo. Alisikiliza maelezo yote, akauliza swali moja: “Mzee, linasumbua likilala huku pia, au Molo tu?” Kisha akasema hatangoja asubuhi. Alichomoa waya mwembamba wa rilei na kuipa koili umeme moja kwa moja kutoka betri. Rilei ikalia tak. Mafundi waliotangulia walikuwa wanaishia hapo: imelia, basi ni nzima. Yeye akaweka mita kwenye bolti inayotoka betri, volti 12.4. Akahamia bolti inayokwenda hita huku rilei imekamata, volti zikaanguka mpaka 5 na kitu. Zilizobaki zilikuwa zinapotelea ndani ya rilei yenyewe. Akanionyesha pia kwamba ile taa ndogo ya kupimia inawaka pale pale bila tatizo, maana haihitaji umeme mwingi, hata mgusano mbovu unaitosha. Rilei kama hiyo inaumbuka ikibebeshwa mzigo.

Tulipoifungua, sahani ya shaba ilikuwa imeliwa upande mmoja, nyeusi, ina mashimo madogo madogo kama ya mchwa. Gari lina zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo siilaumu, imetumika vya kutosha.

Kuhusu kununua, duka la kwanza mjini lilinipa rilei ya aina ya stata, ya bei rahisi, nikahakikishiwa kwamba “zote ni moja”. Fundi aliiunganisha kwenye betri juu ya meza, tukaiacha imekamata. Baada ya muda mfupi tu haikushikika kwa mkono. Rilei ya stata imetengenezwa kukamata kwa sekunde chache, ya hita inatakiwa kuvumilia zaidi ya hapo. Duka liliipokea na kunirudishia pesa, ingawa kwa kununa.

Zipo rilei za kawaida za soko zinazoweza kukaa zimekamata muda mrefu, na zinafaa, lakini pima koili kwanza. Ikiwa na ohm chache kuliko ile ya zamani, itavuta umeme mwingi kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta ya gari hili si kitu cha kubahatisha. Nyingine tundu lake haliingiliani na soketi ya gari, unaanza kukata waya. Mimi nilichukua ya asili iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Nililipa shilingi 4,500, na ufundi shilingi 1,500. Kabla sijatoa pesa aliibebesha mzigo wa hita: kati ya bolti mbili ilipoteza volti 0.1 tu. Usinunue iliyotumika bila kupimwa hivyo, hata muuzaji akiapa.

Kufunga kwenyewe hakuna maajabu. Unatoa waya wa hasi wa betri kwanza, kwa sababu bolti moja ya rilei ina umeme wakati wote na spana ikigusa bodi utaona cheche. Vichwa vya nyaya vilipigwa msasa mpaka vikang’aa, nati zikakazwa bila kulazimishwa. Hita yenyewe ilipimwa pia, ikawa chini ya ohm moja, yaani nzima.

Tofauti ilionekana asubuhi ya kwanza. Nafungua ufunguo, nasubiri taa izime, napiga stata mara moja, injini inashika silinda zote sita. Moshi mweupe bado unatoka kidogo alfajiri zenye ukungu mzito, kisha unapotea. Betri niliyokuwa nataka kuibadilisha ndiyo hiyo hiyo mpaka leo. Wanangu hawachelewi tena shule, na mama yao ameacha kulala na wasiwasi wa siku ya soko.

Jambo moja la kuchunga baada ya kufunga: rilei inaweza pia kuharibika kwa kunata, sahani na bolti zikashikana na kukataa kuachiana. Hapo hita inabaki na moto hata ufunguo ukiwa mfukoni, betri inaisha, na nyaya zinaweza kuungua. Mimi kila jioni baada ya injini kupoa naigusa kwa vidole. Ikiwa baridi, naenda kulala.

Kwa rilei hii natoa alama za juu. Ninachokosa ni ile kofia ya mpira inayofunika bolti ya umeme, haikuja nayo, na kwa sasa nimeizungushia mpira wa tyubu na kuukaza kwa utepe. Anayejua duka la Nakuru au Eldoret linalouza kofia hizo peke yake, anielekeze.