Siku ya Tatu Nikapewa Mbuzi: Tathmini ya Nyumba ya Wageni Ngamiani, Tanga

Mwezi uliopita nililala siku kumi na tisa katika nyumba ya wageni iliyoko Ngamiani, mjini Tanga, nikiwa nimetumwa na ofisi kukagua vitabu vya hesabu, na ninaiandikia tathmini kwa ajili ya mtu ambaye, kama mimi, hupelekwa kikazi kwenye miji asiyoijua kwa posho isiyotosha. Nyumba haina ubao wa jina. Wenye maduka ya jirani huiita "kwa Bi Mkubwa", na mwenyewe alinikubalia niiandike kwa sharti kwamba nisitaje namba ya barabara, kwa maelezo kuwa vyumba vinne havihitaji tangazo kubwa na anayekitaka chumba kweli ataulizia. Barabara za Ngamiani zinajulikana kwa namba, kwa hiyo kuitaja kungekuwa sawa na kumkabidhi kila msomaji ufunguo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa siku nne katika hoteli moja upande wa Raskazone, na sina ugomvi nayo. Dirisha lilitazama bahari, kiyoyozi kilifanya kazi, na juu ya kitanda palikuwa na taulo lililokunjwa likawa bata. Ukutani, nyuma ya kaunta ya mapokezi, waliandika kwa herufi za dhahabu kwamba mgeni ajisikie yuko nyumbani. Kila jioni kijana aliyekaa chini ya maandishi hayo aliniuliza namba ya chumba changu, nami nikamtajia, siku zote nne. Niliondoka kwa sababu ya bei tu, na laiti ofisi ingeongeza posho, huenda Ngamiani ningeishia kuipita kwa bajaji.

Nyumba ya Bi Mkubwa ni nyumba ya Kiswahili kwa maana yake ya zamani: mbele pana baraza ya saruji, ndani ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, na mwisho wa ukumbi mlango wa kutokea uani, ambako kuna jiko, stoo, bafu na choo. Vyumba vinne ni vya wageni na viwili ni vya familia, na ndipo tofauti na hoteli inapoanzia, kwa sababu huwezi kwenda kuoga bila kuwapita wenye nyumba wakichambua mchele, na huwezi kuwapita bila kuwaamkia. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mninga, chandarua kisicho na tundu (nilikikagua, ndiyo kazi yangu), feni ya dari, na meza ndogo iliyoyumba mpaka nilipoiwekea kipande cha boksi chini ya mguu mmoja. Shuka zilipigwa pasi. Runinga hakuna.

Kifungua kinywa kimo ndani ya bei: maandazi yenye iliki, mbaazi za nazi na chai ya maziwa, na baadhi ya siku mihogo. Chakula cha jioni hulipiwa kando, na ni lazima useme asubuhi kama utakula, kwa kuwa samaki hununuliwa kulingana na idadi ya walaji. Nimekula pale samaki aina ya changu wa kupaka, pweza wa nazi na kisamvu, na kuhusu zile mbaazi nitasema tu kwamba nilianza kuamka kabla saa haijalia. Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimekulia kwenye ndizi na maharage, na hadi nafika Tanga nilidhani nazi ni kitu cha sikukuu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alasiri ya siku yangu ya tatu nilirudi mapema kutoka kazini, nikamkuta Bi Mkubwa peke yake uani, kwa kuwa binti anayemsaidia jikoni alikuwa amekwenda msibani, na mbele yake zipo nazi mbili zilizokwisha kupasuliwa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kola hadi viatu, akasema, "Mwanangu, kavue hilo shati la ofisi, uje unikunie nazi." Nikadhani ananitania. Nilipotoka chumbani nikiwa na fulana, mbuzi ilikuwa imeshakunjuliwa inanisubiri.

Kwa msomaji wa bara, mbuzi ninayoizungumzia hailii wala haili majani. Ni kigoda cha mbao kinachokunjwa, chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno kwa mbele. Unakikalia, unashika kizio cha nazi kwa mikono miwili, na unakikuna kwenye meno hayo juu ya sinia. Nilianza kwa nguvu, katikati, kama mtu anayepiga mswaki, na kizio cha kwanza kikatoka vipande vipande vyenye rangi ya kahawia, kwa sababu nilikwangua mpaka kwenye kifuu. Bi Mkubwa aliinamia sinia, akatoa yale makapi moja moja kwa ncha za vidole, kisha akanieleza kwamba mtu huanzia ukingoni, huizungusha nazi kidogo kidogo kila anapokuna, na huacha nyama nyembamba ibaki kwenye kifuu, la sivyo tui huwa jeusi. Kizio cha nne kilitoka kama unga. Hakunisifu. Alimiminia maji ya vuguvugu, akakamua tui zito akaliweka kando la kutia mwishoni, akakamua tena tui jepesi la kuanzia kupika, na machicha akawatupia kuku.

Usiku ule tulipokaa mkekani, mjukuu wake mmoja alitia kijiko kwenye mchuzi, akauliza ni nani aliyekuna nazi leo mbona kuna makapi. Wote walinigeukia, wakacheka, nami nikacheka hadi chozi likanitoka. Nimekula katika hoteli nyingi za nchi hii, na hakuna hata moja ambako mtu aliwahi kulalamikia kazi yangu jikoni.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika bila yeyote kutangaza. Kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu kikawa changu, na mgeni mwingine alipokitwaa, mjukuu yule yule alimwambia kina mwenyewe. Nikichelewa, sahani yangu nilikuta imefunikwa kawa. Wazee wanaokunywa kahawa barazani, ambao mwanzoni waliishia kunijibu salamu, walianza kuniuliza hesabu zimekaaje na kunisogezea kashata. Naona neno lile la ukutani kule Raskazone liliandikwa kwa nia njema, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniambia nijisikie niko nyumbani. Niliambiwa nikachote maji. Mtu anayehudumiwa kila kitu huwa bado yuko safarini, hata angelala kwenye godoro la namna gani, na ni pale anapopewa kazi, tena akaifanya vibaya akasemwa, ndipo anapoacha kuhesabu siku za kuondoka.

Kasoro zipo, na anayekwenda azijue. Maji ya bomba mara nyingi hukatika mchana, kwa hiyo utaoga kwa ndoo na kata kutoka kwenye pipa. Intaneti ni ile ya simu yako mwenyewe. Mlango hufungwa saa nne usiku, na siku niliyorudi saa nne na nusu nilifunguliwa, lakini nilisimamishwa ukumbini kama mtoto wa shule nikaulizwa nilikokuwa na kwa nini sikupiga simu. Wapo watakaochukia jambo hilo, na wana haki yao, kwani wamelipa. Shati langu jeupe lilirudi kutoka kwenye kamba likiwa na wekundu mabegani, na nilipolalamika, Bi Mkubwa aliuliza ni nani aliyeniagiza kulitumbukiza kwenye beseni moja na kanga yake mpya. Sikuwa na jibu. Shati lilirowekwa upya kwa dawa ya madoa, na wekundu ukapungua bila kwisha.

Nililipa shilingi 20,000 kwa siku, nusu ya bei ya hoteli niliyotoka, na baiskeli nikaazimwa bure. Hiyo peke yake ilinifaa sana, kwani Tanga ni tambarare na kila mtu anaendesha. Kila asubuhi niliivuka reli, ile iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ambayo hadi leo inaitenga Ngamiani na upande wa maofisi na bandari, na kwa mwendo wa kawaida nilikuwa mezani kwangu baada ya dakika kumi na mbili. Anayeshukia stendi ya Kange achukue bajaji na apatane bei kabla ya kupanda.

Sitampendekezea nyumba hii mtu aliye kwenye fungate, wala anayetaka kuachwa na mawazo yake. Itamfaa zaidi mwenye wiki mbili au tatu, kwa sababu anayekaa siku mbili ataondoka bado ni mgeni, na kwa siku mbili ile hoteli ya Raskazone ni bora kuliko hapa.

Kule hotelini, nilipokuwa narudisha ufunguo, waliniambia karibu tena. Kwa Bi Mkubwa hakuna aliyenikaribisha. Aliniuliza nitarudi lini, nikamwambia huenda mwezi wa tisa, akanituma nimletee kilo kumi za mchele wa Kyela, usiochanganywa, na akasisitiza kwamba nisipoupata mzuri bora nije mikono mitupu.