Uzoefu wangu wa kusafiri kwa ndege na vifaa vya kaiti: begi refu la magurudumu

Begi ninalolieleza hapa ni begi refu la vifaa vya kaiti, ile tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao baharini; ni begi lenye magurudumu mawili upande mmoja, urefu wa sentimita 142, upana wa 45 na kina cha takribani 28. Limeshonwa kwa kitambaa kigumu cha poliesta na kuwekewa sponji nyembamba pande zote, na lina zipu moja ndefu inayozunguka karibu begi zima. Nimelitumia kwa safari za Mombasa wakati wa Kaskazi, kwa safari za Oman wakati wa Kusi, na kwa boti hadi Dar es Salaam. Ninafundisha kaiti Paje, Zanzibar, kwa hiyo vifaa vinavyosafiri ndani yake ni vyombo vya kazi, na ubao ukivunjika njiani ninafika mahali nilipoitwa nikiwa sina cha kufanyia kazi.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wa Paje, Jambiani, Diani na Watamu ambao wameanza kuitwa kufundisha nje ya kwao. Maelezo mengi ya kusafiri na kaiti yametolewa na watu wanaokuja kwetu, na yanawafaa wao. Anayetoka huku hukutana na mambo ambayo mgeni hayaoni: daladala badala ya gari la hoteli, ndege ndogo za kuunganisha visiwa, forodha wakati wa kurudi na vifaa vya thamani, na ukweli kwamba tyubu ya hewa ya kaiti ikitoboka au pezi la ubao likipotea, duka la vipuri haliko karibu.

Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kuangalia katika begi la kaiti ni uzito wake likiwa tupu. Wauzaji husifu unene wa sponji na uimara wa fremu, lakini kila kilo ya begi inatoka katika kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida kwa mzigo mmoja. Begi langu lina kilo 3 na nusu. Nimewahi kushika begi la aina nyingine, zuri na gumu, lenye zaidi ya kilo 6 kabla ya kutiwa kitu, na niliona wazi kwamba mwenye begi lile atalazimika kuacha kaiti moja nyumbani ili kulibeba begi lenyewe.

Hesabu yangu ya safari ya Oman ni hii. Ubao pamoja na mapezi na mikanda ya miguu ni kilo 3 na nusu hivi. Kaiti ya mita 9 za mraba ina kilo 3 na kidogo, ya mita 7 haifiki 3. Fimbo ya kuongozea pamoja na kamba zake ni kilo 1 na nusu, mkanda wa kiunoni unaoshikizwa kwenye fimbo hiyo vivyo hivyo, na pampu ni kilo 1 na ushei. Ukijumlisha na begi lenyewe na fulana ya kujikinga na kishindo, unafika karibu kilo 18, na zilizobaki ni za nguo na zawadi. Nikiongeza kaiti ya mita 12, ambayo ni kilo 4 kasoro kidogo, nafasi ya nguo inakwisha. Ndiyo maana ninaanza kufungasha kwa kuuliza upepo wa ninakokwenda. Kisiwani Masirah, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo ni mkali kuliko wetu, na kwa kweli ni huohuo wa Kusi uliokwisha kuvuka ikweta na kugeuka, ukafika Oman ukitokea kusini-magharibi. Huko kaiti ya 12 ni mzigo wa bure, na 7 na 9 zinatosha. Kwa Diani wakati wa Kaskazi ninafanya kinyume: 12 inakwenda, 7 inabaki.

Jambo la pili ni urefu, na hapa ndipo wengi wanaposhangaa kwenye kaunta. Kipimo cha kawaida cha mzigo wa ndege ni sentimita 158 kwa kujumlisha urefu, upana na kina. Begi langu linafika 215. Hakuna begi la ubao mzima linaloweza kuingia katika 158, kwa hiyo mzigo huu unasafiri kama kifaa cha michezo au unalipiwa kama mzigo uliozidi kipimo. Mashirika hutofautiana sana: lingine hupokea kifaa cha michezo ndani ya kilo 23 bila malipo ya ziada, lingine hutoza ada maalumu, na lingine hutaka taarifa mapema kabla ya siku ya safari. Ninapokata tiketi huandikia shirika barua pepe, nikitaja urefu na uzito wa begi kwa tarakimu, na jibu lao nalichapisha na kulibeba mkononi. Karatasi hiyo imenisaidia kuliko maelezo yoyote ya mdomo, kwa sababu mtumishi wa kaunta ana foleni mbele yake na hana muda wa kutafuta masharti, lakini barua ya ofisi yake mwenyewe huikubali upesi. Kumbuka pia kwamba kilo 32 ndicho kikomo cha kipande kimoja katika viwanja vingi, hata kama uko tayari kulipa, kwa ajili ya usalama wa wanaobeba mizigo kwa mikono.

Kufungasha kwenyewe huanza siku moja kabla. Kaiti inaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini mpaka ikauke kabisa, pamoja na mishono na pembe, kwa sababu kitambaa chenye unyevu huongeza uzito na hupata ukungu kikikaa begini. Mchanga wa Paje ni laini kama unga na hujificha kwenye mikunjo ya karibu na tyubu kubwa ya mbele. Huishika kaiti juu chini na kuikung'uta, kisha nafuta kila valvu kwa kitambaa. Hewa yote inatolewa kwa kuikunja kutoka ncha za mabawa kuelekea katikati, na valvu nikaziacha wazi. Sababu ni kwamba shinikizo la hewa ndani ya ndege angani ni dogo kuliko la ardhini, na hewa iliyofungiwa ndani ya tyubu hutanuka na kusukuma mishono. Vizibo vyenyewe ni vya plastiki ngumu, na vikibanwa siku nzima dhidi ya kitambaa cha kaiti vinaweza kukichubua, kwa hiyo kila kimoja nakifunga kipande cha khanga kuukuu.

Khanga na vitenge ndivyo vifungashio vyangu vyote. Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar nayo haiiruhusu, hivyo anayefunika vifaa kwa mifuko hiyo anajitafutia usumbufu. Kitenge ni kinga nzuri zaidi na ukifika unakivaa au unakitandika.

Ubao huvuliwa mapezi na mikanda. Skrubu zote huingia kwenye kipochi kimoja pamoja na bisibisi, na chache za akiba naziweka mbali na hizo. Kaiti moja hulala chini, juu yake ubao, juu ya ubao kaiti ya pili, na nguo hujaza pembeni ambako kingo za ubao hugonga. Mpangilio huu ndio unaonifanya nisihitaji sponji nene: kaiti mbili zilizokunjwa vizuri ni mto bora kuliko chochote kilichoshonwa kiwandani. Fimbo ya kuongozea, baada ya kamba kuzungushwa na kukazwa kwa mpira wake, naiviringisha ndani ya taulo na kuiweka katikati, kamwe si karibu na magurudumu, kwa sababu kifyatuo chake cha usalama, kile cha kuiachia kaiti wakati wa hatari, kikipasuka huwezi kukitengeneza ufukweni na hupaswi kujaribu.

Kuna vitu vinne ambavyo ukaguzi huvifuatilia. Kisu kidogo cha kukatia kamba hakiingii na abiria, kwa hiyo nakiweka begini. Benki ya umeme (power bank) na betri za akiba za pampu ya umeme ni kinyume chake: lazima ziwe mkononi, na zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hazihitaji kibali. Gundi ya kubandikia tyubu, ile yenye harufu kali, huwaka moto na haikubaliwi popote ndani ya ndege, kwa hiyo ninabeba viraka vinavyojibandika vyenyewe tu. Mkanda wa kiunoni, begi likizidi uzito, naubeba mkononi, lakini fimbo ya chuma yenye ndoana iliyo mbele yake naivua na kuitia begini, maana ndoana ile ikionekana kwenye mashine huleta maswali mengi.

Sasa niseme begi limestahimilije. Zipu ni nzuri, ya meno makubwa, na haijakwama. Mishono ya vishikio imekaa imara hata begi linaporushwa juu ya daladala. Udhaifu wake uko kwenye kona za magurudumu, ambako kitambaa kinakutana na plastiki bila ngozi ya kukikinga. Katika safari moja, kwa ndege ya shirika ambalo sitalitaja, begi lilitoka likiwa na kona iliyopasuka na gurudumu limepinda, ingawa vya ndani vilikuwa salama. Sikutoka ukumbini kabla ya kuandikisha uharibifu ule kwenye dawati la mizigo na kupewa nakala. Ninasisitiza jambo hili: kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unamtaka abiria alalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu apokee mzigo ulioharibika, na siku 21 kwa mzigo uliochelewa. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani takribani dola 2,000 za Marekani. Kaiti mbili mpya na ubao huzidi hapo, na mwenye vifaa vipya anaweza kutangaza thamani kubwa zaidi anapokabidhi mzigo, kwa kulipia. Mimi nilitengenezewa kona ile na fundi viatu wa Darajani, aliyeshonea kipande cha mpira wa tairi juu ya pasuko, na sasa ndiyo sehemu imara kuliko zote. Ningemshauri kila mnunuzi afanyiwe hivyo kabla ya safari ya kwanza.

Kabla ya kufunga begi natandaza kila kitu juu ya mkeka na kupiga picha, pamoja na namba za kaiti. Picha zile ni ushahidi wa madai, na ni ushahidi pia mbele ya forodha wakati wa kurudi kwamba vifaa vilitoka nami na havikununuliwa nje. Nimewahi kuulizwa, nikazionyesha, nikapita.

Magurudumu yanafaa kwenye sakafu ya uwanja na bandarini, basi. Kwenye mchanga hayazunguki, kwa hiyo mkanda wa begani ni muhimu kuliko watengenezaji wanavyodhani, na wa begi hili ni mwembamba mno. Nimeufunga kitambaa cha sponji. Ukishuka Mombasa, barabara ya Dongo Kundu imeondoa ile shida ya kuvusha begi refu katika msongamano wa kivuko cha Likoni, na teksi yenye keria hukufikisha Diani bila kushuka.

Mahali ambapo begi hili halifai kabisa ni kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazokwenda Pemba na Mafia. Huko kikomo cha kawaida ni kilo 15, mabegi yanatakiwa yawe laini, na ubao wa sentimita 138 hauna pa kulala. Anayesafiri hivyo mara kwa mara anunue ubao wa vipande viwili unaoungwa kwa skrubu. Mwenzangu anao: begi lake lina urefu wa sentimita 80, upana 45 na kina 30, jumla 155, na hakuna kaunta inayomsumbua kwa urefu. Ubao wake ni mzito kidogo kuliko wangu na bei yake ni kubwa, na mimi nikiusimamia nahisi ugumu pale katikati kwenye kiungo, jambo ambalo mwanafunzi hatalitambua lakini anayeruka atalitambua. Kwa mwalimu anayeitwa mara moja kwa msimu, ubao mzima na begi refu bado ni chaguo langu, na kwa Pemba ninapanda boti.

Kwa anayetaka kulinunua, Paje hupatikana mabegi ya aina hii yaliyotumika, mwisho wa msimu wageni wanapoondoka, kwa bei ya chini sana kuliko mapya. Angalia kona za magurudumu, vuta zipu mwanzo hadi mwisho, na lipime kwa mizani ya kuning'iniza likiwa tupu. Likizidi kilo 4 na nusu, liache.