Saa janja, mbio ndefu na muziki: uzoefu wangu na chaji

Kama unanunua saa janja ili uiache simu nyumbani ukakimbie na muziki masikioni, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haikuhusu sana. Yangu imeandikwa kwamba inakaa na chaji siku moja na nusu, na kwa matumizi ya kawaida ni kweli. Meseji, hatua, mapigo ya moyo, hata kulala nayo usiku, inafika bila shida. Mambo yanabadilika siku ya mbio ndefu. GPS ikiwa imewashwa na nyimbo zikitoka moja kwa moja mtandaoni kwa laini ya eSIM (laini ya simu isiyo na kadi) iliyomo ndani yake, kila dakika sitini za kukimbia zinakula kama robo ya chaji.

Na hapo ni pale mtandao unapokuwa mzuri. Njia ninayoipenda zaidi inashuka bondeni ambako mtandao unasuasua. Wimbo unakatika, kijiduara cha kupakia kinazunguka, unarudi, unakatika tena. Mgongo wa saa unapata joto unalolisikia kabisa kwenye ngozi chini ya jasho. Nikishapanda upande wa pili na kutazama asilimia, nakuta kipande hicho kifupi cha bonde kimekula chaji kuliko barabara tambarare yote niliyotoka nayo.

Sababu yake inaeleweka. Betri ya saa ni ndogo mno: Samsung Galaxy Watch6 yenye kioo kikubwa ina mAh 425 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) na ndogo yake ina 300, wakati simu nyingi za sasa zinazidi 4,000. Kibetri hicho ndicho kinacholisha GPS inayosikiliza setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu yetu, taa za kijani zinazopima mapigo, Bluetooth ya kwenda masikioni, na juu ya yote hayo modemu ya mtandao wa simu. Bluetooth ya masikioni inatumia miliwati chache tu kurusha mawimbi yake. Modemu ya LTE, yaani mtandao wa 4G, inaweza kufika miliwati 200, na nguvu hiyo inapanda kadiri mnara unavyokuwa mbali, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Hata unapokuwa unapokea tu wimbo, modemu inabaki macho na kuujibu mnara kila mara. Ndiyo maana bonde lile linaninyonya.

Nilipoanza kuchimba takwimu za watengenezaji wenyewe, niligundua kwamba muziki peke yake, hata bila laini ya simu, si mwepesi. Garmin walipotoa Forerunner 245 Music mwaka 2019 waliandika waziwazi: saa 24 za GPS bila muziki, saa 6 za GPS na muziki. Soma tena hapo. Robo! Na kifaa hicho hakina laini kabisa. Nyimbo zimo ndani yake tayari. Kazi ya kuufungua wimbo na kuurusha masikioni bila kupumzika inatosha kuondoa robo tatu ya muda. Nawapongeza sana kwa kuiweka namba hiyo wazi, kwa sababu mkimbiaji anajua moja kwa moja kama atamaliza mbio zake au hatamaliza.

Apple nao wanaeleza, ila inabidi ushuke hadi kwenye maandishi madogo. Muda wa chaji wa saa 18 waliouandika kwa Apple Watch Series 7 ulihesabiwa kukiwa na mazoezi ya dakika 60, muziki ukitoka kwenye saa yenyewe kwa Bluetooth, na kwa zile zenye laini, jumla ya saa 4 tu za LTE. Muda uliobaki simu iko karibu. Yaani siku nzima ya kutembea bila simu haikuwa kwenye hesabu hiyo. Mtengenezaji wa saa yangu hakuandika popote muda wa GPS pamoja na muziki wa mtandaoni, na hilo linaniudhi, maana picha ya tangazo lao ni mtu anakimbia na spika masikioni, mikono mitupu.

Kilichobadilisha kila kitu kwangu ni kupakua nyimbo mapema. Usiku saa ikiwa kwenye chaja na Wi-Fi ya nyumbani, naihamishia orodha ya nyimbo za mbio, asubuhi napiga kutoka humo humo ndani. Matumizi yameshuka hadi kama asilimia kumi na kitu kwa kila dakika sitini, GPS na mapigo vikiendelea. Na bando linapona: muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula kama megabaiti 72 kwa dakika hizo hizo sitini. Programu nyingi za muziki zinataka uwe umelipia ndipo zikuruhusu kupakua. Spotify, kwa mfano, waliwafungulia wateja wao wanaolipia kwenye Apple Watch mwaka 2021. Upakuaji wenyewe ni wa polepole, kwa hiyo usiuanze wakati unafunga kamba za viatu.

Laini kwa kawaida siizimi. Nakimbia alfajiri peke yangu na nataka niweze kupiga simu nikianguka. Ikiwa imetulia tu bila kubeba muziki, haili chaji kwa kiasi cha kunisumbua. Kwenye lile bonde ndiyo naizima, kwa sababu pale haishiki vizuri hata nikiihitaji.

Mengine niliyojaribu yana faida ndogo. Kuzima kioo kinachowaka muda wote kunasaidia kidogo. GPS ya masafa mawili (inayopokea mawimbi ya aina mbili ili ikosee kidogo) naiweka ya kawaida nikiwa uwanda wa wazi, kwenye maghorofa nairudisha, la sivyo ramani inanionyesha nimekimbia juu ya paa. Kupunguza sauti sikuona tofauti yoyote. Kupima mapigo sikuzimi hata kidogo. Bila hayo sioni sababu ya kuvaa saa janja mazoezini.

Kuna gharama nyingine ambayo watu hawaitazami. Betri hizi huchoka kwa mizunguko ya chaji. Apple wanasema ya kwao imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 1,000. Anayemaliza chaji nzima kila siku kwa muziki wa mtandaoni anaifikia idadi hiyo mapema kuliko anayemaliza nusu.

Kwa mbio za dakika arobaini au gym, saa hii naipenda na ningeinunua tena. Sikiliza mtandaoni upendavyo. Kwa nusu marathoni, pakua nyimbo na utamaliza ukiwa na chaji ya kutosha ya siku iliyobaki. Kwa marathoni nzima ya kilomita 42.195, kama wewe ni wa saa nne au tano kama mimi, muziki wa kutoka mtandaoni usahau. Nyimbo zilizopakuliwa zinanifikisha, mradi nianze na asilimia mia, na spika za masikioni nazo ziwe za kukaa muda huo wote, kwa sababu nyingi ndogo huzima kabla ya saa yenyewe.