Nimetumia kalenda ya posti za kliniki ya mifugo mwaka mzima: nyota tatu

Natoa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za kitu kimoja tu: kukumbushwa mapema. Mengine karibu yote nimeyaandika upya mwenyewe, nikisaidiwa na binti wa dada yangu ambaye simu haimtoki mkononi.

Bidhaa yenyewe ni kifurushi cha posti za mwaka mzima kwa kliniki za wanyama. Kinauzwa mtandaoni na kampuni ya Marekani. Unalipa mara moja kwa kadi, kisha unapata violezo vya kufungulia kwenye Canva, programu ya kutengeneza picha za matangazo, kalenda, maneno ya kuweka chini ya picha, na barua pepe ya kukumbusha kila posti inapokaribia. Kwa pesa yetu ilinitoka kama laki moja na nusu. Jina lao silitaji. Watu wenyewe waungwana, na wenzao wanaouza vitu vya aina hiyo nimewachungulia, hawatofautiani sana.

Mimi nina kliniki ndogo na duka la dawa za mifugo hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Wateja wangu ni wa aina tatu. Wapo wenye mbwa wa ulinzi, na paka mmoja mmoja. Wapo akina mama na vijana wa kuku wa nyama. Halafu wapo wafugaji wa ng'ombe na mbuzi kutoka Mvomero, Dakawa mpaka Kilosa. Kifurushi kinamfahamu yule wa kwanza tu, tena yule anayelala na mbwa wake kitandani.

Fungua Januari: mbwa kavaa sweta kwenye theluji, onyo la maji ya rejeta yasiyoganda, na chumvi ya barabarani inavyounguza nyayo. Sisi Januari tunagombana na joto. Februari ni mwezi wa meno, maana Wamarekani wameutenga kwa afya ya kinywa cha wanyama wa nyumbani. Hiyo sikuitupa, kwa sababu mbwa wengi wa ulinzi hapa wanalelewa kwa mifupa na ugali na midomo yao inanuka kwelikweli. Nikaweka picha ya mdomo wa mbwa wa jirani, kabla ya kusafishwa na baada. Ilitembea vizuri. Oktoba wana Halloween, sikukuu yao ya kujivalisha kama wachawi na mizimu, paka kavalishwa kofia ya mchawi. Hapa ukiweka picha ya paka mweusi na kofia ya mchawi kwenye ukurasa wa kliniki, wateja watakuuliza umeanza kazi gani nyingine.

Machi ndipo tulipokutana kwa bahati. Kwao baridi inaisha na kupe wanaamka. Kwetu masika yanaingia na kupe wanaongezeka. Lakini kupe wa kwenye kifurushi anamfuata mtu aliyekwenda kutembeza mbwa msituni. Wa kwetu amejaa ndani ya sikio la ndama, na analeta ndigana kali. Kwa hiyo nilichukua fremu yao ya kijani, nikatoa mbwa, nikaweka sikio la ndama nililolipiga picha kwa karibu, kupe wamepangana ndani mpaka ngozi haionekani. Chini nikaandika mistari mitatu: papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, pima homa, usingoje aanze kupumua kwa shida. Akishafika kwenye kuhema, dawa ya ndigana ni ghali na mara nyingi umechelewa. Posti hiyo niliitoa katikati ya Machi, ardhi bado kavu. Hapo ndipo barua pepe yao ya kukumbusha ilipojilipa. Peke yangu ningeitoa Aprili mwishoni, wakati ndama wameshaanza kulala chini.

Sasa niseme kisichokuwemo kabisa. Idd el-Hajj haimo. Ramadhani haimo. Nane Nane haimo, na sisi wa Kanda ya Mashariki maonyesho yanafanyika papa hapa Morogoro. Kalenda ya kuchapa mara moja haiwezi kubeba Idd hata kama wangeifahamu, kwani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Na kwa kliniki yenye wateja wa mbuzi hakuna wiki yenye maswali mengi kama zile mbili kabla ya kuchinja.

Posti tuliyoitengeneza wenyewe kwa ajili ya Idd ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote za mwaka. Ni picha moja, simu ya kawaida, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kidole gumba changu kinafunua mdomo wa chini wa mbuzi, meno mawili ya mbele mapana yanaonekana katikati ya yale madogo ya utoto. Maneno yake: "Huyu ametimiza mwaka. Mwenye meno madogo matupu, muulize muuzaji vizuri." Picha ya pili, jicho: safi, halina ukungu wala chongo. Ya tatu, mbuzi anatembea, maana kilema hakionekani mnyama akiwa amesimama kafungwa kwenye nguzo ya mnada. Ya nne, mkono wangu juu ya uti wa mgongo, unabonyeza kuona kama kuna nyama au mifupa mitupu. Umri, ugonjwa, chongo, kilema, kukonda: mambo ambayo shekhe angeyasema msikitini, daktari anaonyesha namna ya kuyapapasa.

Mtu mmoja akakomenti, "Dokta, huyo mbuzi wako mbona kibogoyo juu?" Nikamjibu kwamba mbuzi wote ndivyo walivyo, juu mbele hawana meno, wana ufizi mgumu tu, akafungue mdomo wa wa kwake aone. Jioni akaleta picha. Basi ikawa watu wanashindana kuleta picha za midomo ya mbuzi, na mimi nasema huyu ndiyo, huyu bado. Katikati ya mzaha huo nikapenyeza jambo ambalo mfanyabiashara wa mbuzi halipendi: aliyechomwa sindano ya dawa juzi haliwi leo. Kila chupa ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye lebo. Posti ya kukumbusha siku za kusubiri peke yake ingepita kimya, nani anataka kusoma lebo. Ikiwa ndani ya gumzo la meno, watu wakasoma.

Kifurushi chenyewe kinang'aa Septemba. Tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na hiyo wameiweka vizuri, wiki mbili mbele, na kiolezo cha kutangazia chanjo chenye nafasi ya mahali na saa. Kwenye maneno ndipo walipotuacha. Walitumia posti nzima kumweleza Louis Pasteur, mgunduzi wa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwamba alifariki tarehe hiyo mwaka 1895. Ni kweli, na shuleni ningefurahi. Mama wa Mazimbu ambaye mwanawe ameumwa na mbwa hamhitaji Pasteur. Tukabadilisha: picha ya bomba la uani, kipande cha sabuni ya kufulia, na mguu wa mtoto. "Akiumwa na mbwa: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Halafu hospitali, leo leo."

Usiku mmoja baada ya hapo nikapigiwa simu.

"Shikamoo dokta. Ni mama fulani, ninayechukua chakula cha kuku kwako."

"Marahaba mama, kwema?"

"Si kwema sana. Mtoto ameumwa na mbwa wa jirani. Nimemwosha kama ulivyoandika, mpaka sabuni imekwisha. Sasa baba yake anataka mbwa auawe."

"Msimuue. Afungiwe apewe chakula na maji, tumtazame siku 10. Wewe chukua pikipiki uende hospitali sasa hivi, usisubiri kukuche."

Alikwenda, mtoto akaanza sindano. Mbwa tulimtazama siku hizo zote, akabaki mzima. Ndani ya kifurushi hakuna neno juu ya kumfungia mbwa na kumwangalia. Nadhani wenzetu wanaona ni kazi ya serikali ya mtaa wao. Huku kwetu mbwa huwa ameshapigwa mawe kabla mtu hajafika.

Novemba yao ni bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani na hatari ya mifupa iliyopikwa. Novemba ya Kihonda ni vifaranga. Kuku wa nyama anahitaji kama wiki 5 afike kilo za kuuza, kwa hiyo anayetaka soko la Krismasi ameshaagiza vifaranga Oktoba na anawaingiza bandani kabla Novemba haijaisha. Hapo nilitoa picha za hatua hatua: siku ya 7 chanjo ya kideri, siku ya 14 ya gumboro (magonjwa mawili yanayomaliza kuku), siku ya 21 kideri tena. Na picha moja ya ndoo, kwa sababu wengi wanatia chanjo kwenye maji ya bomba yenye klorini, chanjo inakufa kabla kuku hajanywa, halafu lawama zinakuja kwa mwenye duka. Maji ya kisima au ya mvua, na kuku wasikae na kiu kuliko inavyotakiwa.

Hizi sikuziweka Facebook peke yake. Nilitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, kila mteja kwa tarehe aliyochukua vifaranga. Uzuri wake ni kwamba ujumbe unamfikia mmoja mmoja, si kundi la kelele. Ubaya wake: haumfikii ambaye hajahifadhi namba yako kwenye simu, na orodha moja inabeba watu 256 tu. Ndiyo maana sasa mteja akinunua vifaranga, binti anamwambia "mama, nisevu kabisa hapa hapa" na anasimama mpaka asevu.

Fataki za Julai 4, siku ya uhuru wao, nilizihifadhi zikangoja mkesha wa Mwaka Mpya. Hiyo ndiyo posti pekee niliyobadilisha tarehe tu na lugha. Mpe mbwa chakula mapema, mfungie ndani, mvue mnyororo asije akajinyonga akiruka ukuta. Kila Januari mosi naletewa mbwa aliyekatika kucha au kuchanika kwenye seng'enge.

Mambo madogo madogo ya kiufundi. Visanduku vya maandishi ni vifinyu, kichwa cha habari cha Kiswahili kinamwagikia nje ya picha. Punguza maneno au punguza herufi, hakuna njia ya tatu. Saa walizopendekeza za kuposti zimepangwa kwa saa za Marekani, zikija huku zinaangukia alasiri, mfugaji yuko machungani. Wa kwangu wanafungua simu baada ya kukamua asubuhi, au usiku baada ya chakula. Video zao ni nzito. Mteja wa bando la kubana haifungui, na mimi simlaumu. Picha nne za kawaida kwenye Status ya WhatsApp zimenipa maswali mengi kuliko video yoyote. Kwa Instagram, mwenye mbwa wa mjini atakuona. Mwenye ng'ombe hayupo huko.

Rangi na mpangilio ni vizuri kabisa, sitawanyima haki yao. Ukurasa wangu uliacha kufanana na tangazo la mganga.

Nilipowaandikia kulalamika juu ya theluji, walijibu siku hiyo hiyo na kunitumia bure toleo la kusini mwa dunia. Kijiografia wana hoja, Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Nikafungua. Limetengenezwa kwa Australia: Krismasi ufukweni, na kupe wa kupoozesha wa pwani yao ya mashariki ambaye huku hatuna. Ila Juni na Julai ikanifaa, kwa sababu huku nako chini ya milima ya Uluguru asubuhi za kipupwe zina baridi, na mbwa wazee kweli wanachechemea. Nikachukua hiyo moja, nyingine nikaziacha.

Basi, nani anunue? Kliniki ya Masaki au Oysterbay, Dar es Salaam, yenye wateja wengi wa paka na mbwa wa ndani, anunue, atapata zaidi ya nusu. Mwenzangu wa agroveti (duka la dawa za mifugo na pembejeo) wa mkoani mwenye mtu wa kumsaidia na simu yenye kamera safi, anaweza kununua kwa ajili ya violezo na ukumbusho, akijua kwamba maneno na picha ni kazi yake. Mwenye kufanya yote peke yake duka likiwa wazi, asinunue. Hiyo laki na nusu anunulie friji ndogo ya chanjo angalau kilango kipya.

Mimi mwaka wa pili sikulipia tena. Tarehe zao nzuri nimezihamishia kwenye kalenda ya ukutani, nikaongeza za kwetu kwa kalamu nyekundu, Idd nikaiandika kwa penseli. Ukumbusho ndio ninaoukosa, maana kalenda ya ukutani haipigi kelele. Kama kuna kijana wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro, au wa popote anayetengeneza kitu cha namna hii chenye masika, vuli, kideri na mnada ndani yake, na kinachonitumia ujumbe wiki mbili kabla kwa WhatsApp badala ya barua pepe, anitafute. Nitalipa, na mbuzi wa picha nitamtoa mimi.