Neema Crafts, Iringa: mgahawa ambao huwezi kumwita mhudumu kwa kelele

Kanisani kwetu Dodoma mimi ni mama wa kamati ya chakula, mwaka wa 18 sasa. Harusi, kipaimara, msiba, semina ya wachungaji, wote wamekula kwa mkono wangu. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba anayeandika anajua uzito wa sufuria la pilau la kilo 20, na anajua pia mtu anavyoweza kuhudumu miaka mingi huku moyo umeshakauka. Baada ya Pasaka nilimwambia mwenyekiti wetu nimechoka, anipumzishe. Akaniambia niombe kwanza. Nikaomba, na uchovu ukabaki palepale.

Julai nikasafiri kwenda Iringa na mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka 17, na ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Amesoma shule ya bweni ya viziwi mpaka darasa la saba, akarudi nyumbani, na nyumbani sote lugha ya alama tunaijua maneno matatu: kula, njoo, lala. Mwinjilisti wetu ndiye aliyenitajia Neema Crafts. Nikaona niende nijionee mwenyewe kabla sijamshauri mdogo wangu lolote.

Basi lilipita Mtera, wauza samaki wakatuzunguka madirishani, tukapanda Nyang'oro, na saa saba mchana tukashuka Iringa kwenye baridi ile ya Julai ambayo mtu wa Dodoma haizoei hata akivaa masweta mawili. Bajaji ya kwanza tuliyoisimamisha ilipajua. Ukisema "Neema" tu, inatosha.

Mahali hapa ni pa Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Pameanza mwaka 2003, mama mmoja Mwingereza aitwaye Susie Hart alipoanza na vijana watatu viziwi kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo kuna ufumaji, ushonaji, shanga na kazi nyingine za mikono, nyumba ya wageni na mgahawa, na wanaofanya kazi humo ni watu wenye ulemavu. Wengi wetu tunajua watu kama hao walikaa wapi zamani katika familia zetu: chumba cha nyuma, mgeni akija mlango unafungwa.

Sasa mgahawa. Wahudumu ni viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, au unakionyesha kwenye menyu. Kwa maelezo ni jambo dogo, lakini kaa pale uone. Kwenye hoteli zetu tumezoea kuita. "We dada!" "Mhudumu!" Mwingine anapiga mluzi, mwingine anagonga glasi kwa kijiko. Pale hakuna hata kimoja kitakachokusaidia. Unakaa, unasubiri macho yenu yakutane. Huwezi kuletewa hata maji bila kumtazama usoni yule atakayekuletea. Nikajiuliza ni mara ngapi kwenye harusi nimepewa sahani na mabinti zangu wa kamati bila kuinua kichwa, na ni mara ngapi wageni wamepokea kwangu vivyo hivyo, nami nikaenda nyumbani na kinyongo.

Akaja binti mmoja, kama miaka 25, aproni safi, kalamu sikioni. Akanisalimia kwa kichwa. Nikamwonyesha kijana wangu, nikagusa sikio langu. Akamgeukia. Kijana akafanya alama moja tu kwa vidole, na uso wa yule binti ukafunguka wote. Mikono ikaanza kwenda. Walizungumza nini sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba mtoto ambaye nyumbani anakula ameinamia sahani alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika.

Mimi nikaandika: "Chai ya maziwa 2, keki 2." Binti hakuondoka na ile karatasi. Alimpa kijana aisome kwanza. Kijana akatikisa kichwa, akaichukua kalamu, akakata 2 ya chai akaweka 1, na chini yake akaandika: "soda".

Miaka yote, kila likizo, nimemmiminia chai ya maziwa. Ameinywa yote, kila mara. Sikuwahi kujua haipendi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halihusu mgahawa, ila bila mgahawa ule nisingeliona. Marko 10 tunaisoma kila mwaka: "Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa, bali kutumika." Nimeifundisha hata kwenye kikundi cha akina mama. Lakini kuna kutumika na kuna kutumikishwa. Huyu mtoto, tangu ana miaka kumi, kila shughuli ya ukoo anaosha masufuria. Anayemtuma ni mimi, kwa kidole: pale, beba, sugua. Nilimchagua kwa sababu hajibu. Nilijiambia ni malezi, anajifunza kazi. Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Nami nikawa nashangaa kwa nini anafanya kazi amekunja uso, wakati hata mimi mwenye masikio mawili na nafasi kwenye kamati nilikuwa nimekunja wangu.

Turudi kwenye huduma, maana ndiyo niliyokuja kuipima. Yule binti alipoleta chai aliweka kikombe, akakigeuza mkono wa kikombe uelekee mkono wangu wa kulia, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri nionje. Nilipoonja ndipo akaenda. Meza ya tatu kutoka kwetu mtoto wa wageni alimwaga juisi. Mama yake hajamaliza hata kushtuka, mhudumu mwingine kafika na kitambaa, kwa sababu asiyesikia anatazama, na macho yao yanazunguka chumba kizima muda wote. Kwenye kamati yangu nina mabinti wanane wanaosikia vizuri kabisa, na juisi ikimwagika hukaa mpaka inzi waje.

Nikamwandikia: "Unaipenda kazi hii?" Alisoma, akaandika kwa herufi kubwa za kusimama: "SANA. WAGENI WANAKUJA NAWAPA CHAI. WANARUDI." Akachora mstari chini ya WANARUDI. Sikumuuliza habari za imani yake, hilo ni lake na Mungu wake. Lakini Zaburi ya 100, "Mtumikieni Bwana kwa furaha", kwaya yetu imeiimba mpaka imezoeleka masikioni, na siku ile niliiona kwa macho, haina sauti wala kinanda.

Karakana usiziache, zunguka uzione. Nilitaka hasa kuona karatasi. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, kwa hiyo nyuzi za majani zinabaki. Kinyesi kinaoshwa, kinachemshwa, kinapondwa mpaka kiwe kama uji mzito, kisha uji unatandazwa kwenye fremu yenye wavu, maji yanachuja, karatasi inakaushwa. Niliinusa kadi niliyonunua, tena mara mbili. Hainuki chochote. Ukiipitisha dole gumba unasikia vile vinyuzi. Kwenye ufumaji kulikuwa na baba mmoja, magongo yake kayaegemeza kwenye kitanda cha mfumi, mikono inakwenda na kurudi kwa mwendo mmoja usiokatika. Hakuacha kazi kwa ajili yetu, alitupa tabasamu akaendelea. Nilipenda hivyo. Fundi yuko kazini.

Nilinunua mkoba wa kitambaa kilichofumwa palepale. Mimi nashona, kwa hiyo niliugeuza ndani nje kabla ya kulipa: mishono imenyooka, ncha zimefungwa, zipu haikwami. Nawaomba watu wa makanisa mnaokwenda na mabasi ya kwaya, msiende pale kutoa sadaka. Sadaka pelekeni kanisani. Pale nendeni mle, mnunue, na kama mkoba haukupendezi uache, uchukue mwingine unaokupendeza. Wale ni mafundi na wahudumu, na kitu chao kinasimama chenyewe. Bei ni ya mgahawa na ya kazi ya mkono, si ya mama ntilie, kwa hiyo jipange. Kahawa wanayo nzuri. Keki ni laini, haina sukari ya kukera. Ukienda na watoto, waache waagize wenyewe kwa karatasi, watafurahi.

Habari za mafunzo kwa kijana wetu tuliziulizia, na zimebaki kuwa mazungumzo ya familia. Mwenyekiti wangu sijampa jibu bado. Nilichofanya ni kumwomba kwamba kabla ya harusi ya mwezi wa kumi wanakamati wapewe chakula kwanza, wakiwa wamekaa, na mimi ndiye nitakayewapakulia.

Kabla hatujaondoka nilikwenda kulipa. Niliporudi, kijana alikuwa amesimama pembeni ya meza, kijitabu mkononi, kalamu sikioni kama yule binti. Akanisogezea kiti. Akasubiri mpaka nimtazame, ndipo akanionyesha alichoandika:

"Mama mkubwa, nikuletee nini?"

Nikachukua kalamu nikaandika, "Soda, kama yako."