Dola za ng'ambo: zije kwa M-Pesa au ubadilishe noti kwenye duka la fedha za kigeni Kisumu?

Zikija kwa simu, kiwango cha kubadilisha dola kuwa shilingi hufungwa huko alikozituma mtu, kabla hajabonyeza kuthibitisha. Asidanganywe na "ada sufuri": faida imefichwa ndani ya kiwango. Mwambie akutumie picha ya ukurasa wa mwisho, utazame mstari mmoja tu, shilingi utakazopokea.

Kisha kuna kikomo. M-Pesa haipokei zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Tuseme dola ni shilingi 129: dola 2,000 ni 258,000, tayari zimepita. Agawanye mara mbili, ingawa ada, kama ipo, italipwa mara mbili pia. Ukiwa na salio la 300,000, toa kwanza.

Dukani, soma safu ya "kununua". Ile ya "kuuza" ni ya wanaotafuta dola. Noti za 100 hupata bei nzuri kuliko za 5 au 10, na zilizochanika au za zamani hukatwa au kukataliwa. Beba kitambulisho.

Kwa noti mkononi, dukani. Kwa mtumaji aliye mbali, simu.